Nguvu zinapanda na bado wanashindwa: jibu kwa aliyetoka Sailor Moon akaingia Madoka

Mdogo wangu salama. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja manake ndani yake kuna maswali matatu, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Umeangalia Sailor Moon, anime (katuni ya Kijapani) ya mabinti wanaojigeuza kuwa mashujaa, mpaka ukamaliza msimu wa S, yaani wa tatu, ukahamia Puella Magi Madoka Magica ya aina hiyohiyo ukaimaliza yote kwa siku mbili, na sasa unauliza kwa nini hawa mabinti kila wakiongezewa nguvu ndo wanaonekana hawawezi kitu, je ni uvivu wa waandishi tu, na mwisho ukaandika "dada mbona na mimi nimebaki nimenyong'onyea, kama vile mimi ndo nimeshindwa". Ntajibu yote. Ila ntatoboa mwisho wa Madoka na wa hiyo misimu ya Sailor Moon uliyoiona, pamoja na vitu vya anime nyingine chache, kwahiyo ambaye hajaangalia na hataki kujua aishie hapa.

Hili la uvivu nalimaliza haraka. Ukweli upo kidogo ila ni biashara zaidi kuliko uvivu. Sailor Moon ilianza kurushwa Japani Machi 1992 ikaisha Februari 1997, episodi 200, misimu mitano, na kipindi chote hicho Bandai walikuwa wanauza vichezeo vya vile vitu vyake, kipambo cha kifuani anachojigeuzia, fimbo, vyote. Sasa mtoto aliyenunuliwa fimbo mwaka jana atataka nyingine ya nini kama ile ya zamani bado inafanya kazi? Ndo maana msimu wa pili (R) na wa tatu (S) yote inaanza kwa namna moja, kifaa cha zamani kinagoma kwanza mbele ya adui mpya, Usagi, yaani Sailor Moon mwenyewe, anabaki mtoto wa shule tu amesimama pale, halafu ndo anapewa kingine chenye jina refu zaidi. Ule unyonge wa mwanzo wa msimu umepangwa, unatakiwa uwepo ili kifaa kipya kipate pa kuingilia. Pretty Cure, anime nyingine ya namna hii, walioanza Februari 2004, wao wamelikwepa tatizo kwa kubadilisha timu nzima karibu kila mwaka ikifika Februari, mabinti wapya, maadui wapya, ngazi inaanza tena chini. Na uhusiano wa hizi anime na maduka ya vichezeo ni wa zamani sana, kwenye Minky Momo ya 1982 binti anapoteza nguvu zake na kwenye episodi ya 46 anagongwa na lori lililobeba vichezeo anakufa, na mpaka leo watu wanajadili kama ule ulikuwa ujumbe kwa wadhamini.

Ila ratiba ya vichezeo haielezi kwa nini umetoka pale roho imekushuka. Dragon Ball Z nayo ina ngazi hiyohiyo, adui anakuja mkubwa kuliko wa jana, Goku anapanda levo, anakuja mkubwa zaidi, na sijawahi kukutana na mtu aliyemaliza Dragon Ball akajiona mnyonge. Mi tofauti naiona kwenye kile mtu anachokitaka. Goku anazitaka nguvu zenyewe, akikutana na anayemzidi macho yanamng'aa kabisa. Usagi hakuomba. Siku ya kwanza tunamkuta analia kwa sababu ya mtihani aliopata alama 30, paka anamwambia we ni shujaa, na anachotaka ni kulala na kula na kuwa na marafiki zake, basi. Kwahiyo ukimpandisha levo Goku umempa alichotaka. Ukimpandisha Usagi umemsogeza mbali zaidi na alichotaka. Mwongozaji wa Pretty Cure ya kwanza, Daisuke Nishio, katoka hukohuko Dragon Ball Z, na unaiona kwenye ngumi na mateke ya wale mabinti, lakini hata kwake Nagisa na Honoka hawawezi kujigeuza mpaka wawe wawili, mmoja peke yake hana kitu. Episodi ya 8 wanagombana, wananuniana shule, na ghafla hamna timu, hamna shujaa, na hakuna adui yeyote aliyewafanya hivo, ni maneno tu waliyotupiana.

Hapo ndo nataka uangalie vizuri manake jibu langu lote limelala hapo. Kwenye hizi anime kuna nguvu ya kupiga na kuna uwezo wa kumwokoa mtu flani mmoja unayempenda, na hivi vitu viwili havipandi pamoja. Kumbuka mwisho wa msimu wa kwanza wa Sailor Moon kule Ncha ya Kaskazini, wenzake Usagi wanne wanakufa mmoja baada ya mwingine kwenye barafu ili kumfungulia njia, na anayefunguliwa njia ndo mwenye Fuwele ya Fedha, ndo mwenye nguvu kuliko wote pale, na hajaweza kumwokoa hata mmoja. Anashinda vita na hata hivo ushindi haumrudishii mtu. Kinachowarudisha ni ombi lake la mwisho kabla na yeye hajafa, na anachoomba ni maisha ya kawaida, yaani anaomba hizo nguvu zote ziwe hazijawahi kutokea. Halafu mwisho wa S, ambao umetoka kuuona. Kile kikombe kitakatifu kilichokuwa kinampa levo ya Super hakipo tena, Hotaru, yule mtoto ambaye sasa ni shujaa Saturn, ameingia mwenyewe kwa adui ili amalizane naye na afe nae, na Usagi anapiga kelele ajigeuze na haitokei, anarudia haitokei, analia anarudia, mpaka mwishowe inatokea bila kikombe chochote. Uranus na Neptune, wapiganaji wakali kuliko timu nzima, kabla ya hapo walikuwa wanasema huyo mtoto auawe tu dunia ipone. Usagi aliyekosa kifaa ndo anaingia, na anatoka amebeba kichanga. Mi ile episodi naiheshimu kuliko mapigano yote ya Sailor Moon, kwa sababu kwa mara moja anime inakubali waziwazi kwamba kumaliza adui na kumwokoa Hotaru ni kazi mbili tofauti, na ile ya pili haina kifaa.

Sasa tuje Madoka, na hapa ntakaa. Episodi 12 tu, Januari mpaka Aprili 2011, studio ya Shaft, mwongozaji Akiyuki Shinbo na mwandishi Gen Urobuchi. Wengi wanasema hii anime imeivunja ile ya kina Usagi, mi siamini hivo, naona wamechukua jambo lilelile la kupiga na kuokoa wakalibana mpaka likatoa damu. Wewe umeniuliza kuhusu Madoka ila nadhani kilichokuumiza ni Homura, yule rafiki yake anayehangaika kumlinda. Mle kiumbe anayeitwa Kyubey anampa binti ombi moja, na binti analipa kwa kupigana na wachawi huku roho yake ikiwa kwenye kito, kito kikiwa cheusi kabisa na yeye anageuka mchawi. Rudi kwenye ombi la Homura pale episodi ya 10. Hakuomba Madoka afufuke. Aliomba akutane nae tena upya, na safari hii yeye ndo awe wa kulinda badala ya kulindwa. Yaani kwenye timu nzima yeye ndo ameomba nguvu hasa, na kapewa.

Angalia alichopewa lakini. Anasimamisha muda, na anaweza kuurudisha nyuma kama mwezi mmoja, basi. Kupiga hana. Ndo maana utamwona na miwani yake na nywele kasuka mbili anapiga pipa la chuma kwa fimbo ya gofu mpaka pumzi zinakata, halafu anajifundisha kutengeneza mabomu chumbani kwake, halafu anaanza kuiba bunduki za yakuza na silaha za jeshi. Kwa nje hakuna anayepanda kama Homura, mpaka tunapomkuta episodi ya kwanza ni mtu wa baridi, anajua kila kitu, haogopi chochote. Ila fuata kinachompata Madoka pembeni. Mara ya kwanza Madoka anakufa akipigana na Walpurgisnacht, mchawi mkubwa kuliko wote. Mara ya pili anageuka mchawi mbele ya macho ya rafiki yake. Mara ya tatu wamelala wote wawili kwenye mabaki ya mji, vito vyao vya roho vimeshakuwa vyeusi, Madoka anatoa mbegu moja iliyobaki ya kusafishia vito anamsafishia Homura chake, anamwomba arudi nyuma akamzuie asidanganywe na Kyubey, halafu anamwomba amuue kabla hajageuka, na Homura anafyatua. Mara ya nne Madoka anamaliza Walpurgisnacht kwa pigo moja. Pigo moja tu, yule aliyewashinda wote! Na papo hapo anageuka mchawi ambaye Kyubey anasema ataimaliza dunia ndani ya siku kumi hivi.

Umeona anayepanda ni nani? Episodi ya 11 Kyubey anakuja kueleza kwa ile sauti yake isiyo na hisia, kwamba binti wa kawaida kama Madoka hakutakiwa kuwa na uwezo mkubwa namna ile, ila kila Homura aliporudisha muda kwa ajili yake alikuwa anamfungia nyuzi za hatima za ulimwengu aliouacha nyuma, zote zinakuja kulundikana kwa Madoka. Kwahiyo ni kama fundo la kamba, anavyolivuta ndo linavyokaza. Homura kakazana miaka kumfanya Madoka asihitaji nguvu na ndo yeye mwenyewe aliyemfanya kuwa wa thamani kuliko wote kwa Kyubey. Na ndo maana ile picha yake chini ya kifusi inaumiza hivo, karusha makombora, karusha magari ya mafuta, Walpurgisnacht hana hata mkwaruzo, mkono wake umeshika ngao auzungushe muda tena kama kawaida, halafu anakumbuka kwamba akizungusha anamwongezea Madoka mzigo. Anaacha. Uwezo wa kurudia anao, kilichomwishia ni sababu ya kurudia, na kito kinaanza kuwa cheusi palepale. Sijui kama kuna sehemu nyingine kwenye anime za mabinti wa namna hii inayoonyesha unyonge kwa usahihi kiasi hicho.

Na Madoka mwenyewe je, anakaa episodi 11 nzima hana nguvu yoyote, na watu wanamlaumu kwamba analia tu. Mi simlaumu. Anamsindikiza rafiki yake Sayaka, aliyekubali ombi la Kyubey, kwenye vita, anamshika mkono, na ile mara moja anayoamua kufanya kitu mwenyewe, kutupa kito cha Sayaka toka darajani ili asipigane na Kyoko, binti mpiganaji mwingine, Sayaka anaanguka pale amekuwa maiti mikononi mwake, kwa sababu hakuna aliyewaambia roho imehamishiwa mle. Hata kosa lake limetokana na kufichwa habari. Halafu anapokuja kuomba, anaomba wachawi wote wafutwe kabla hawajazaliwa, waliopita na wajao, kwa mikono yake mwenyewe, na anakuwa kama sheria ya ulimwengu. Juu ya hapo hakuna pa kupanda tena. Na bado mama yake hamkumbuki. Na bado Sayaka anakufa. Hii ya Sayaka watu wengi wanaipita haraka, nakuomba uirudie, wamekaa wote wawili kwenye ukumbi wanamsikiliza Kyosuke, yule kijana ambaye Sayaka aliomba mkono wake upone, akipiga violini, na Madoka anamwambia kwamba kumrudisha ingebidi afute kila kitu alichokiombea, na anahisi Sayaka asingetaka hivo. Mwenye uwezo wote amekaa kwenye kiti pembeni ya rafiki yake anamwomba radhi. Kwahiyo ukiniuliza "nguvu zina maana gani sasa", Madoka anakujibu kwamba hata zikiwa zote, ombi la mwenzako ni la mwenzako, huwezi kuliishi kwa niaba yake.

Jambo moja la nje kidogo ila linahusu. Episodi mbili za mwisho zilichelewa, zikarushwa Aprili, kwa sababu tarehe 11 Machi 2011 ndo lilipiga lile tetemeko na tsunami ya kaskazini mashariki ya Japani. Na kwenye episodi ya 11 watu wa mji hawamwoni Walpurgisnacht, wao wanajua ni dhoruba kali, familia zimehamishiwa kwenye makazi ya dharura zinangoja, mama yake Madoka anamzuia asitoke nje. Lilishaandikwa kabla, hakuna aliyepanga, lakini watazamaji wa Japani waliipokea ile episodi wiki chache baada ya kuona mambo yanayofanana na hayo kwenye taarifa ya habari. Sidhani kama unyonge wa ile episodi uliwahi kuwa jambo la kubuni tu kwao.

Kuna upande mmoja swali lako halikuugusa na mi naona ni wa muhimu, unyonge wa yule anayesimama pembeni ya mwenye nguvu. Huo umewahi kuandikwa vizuri sana kwenye Magical Girl Lyrical Nanoha StrikerS ya 2007. Nanoha alianza akiwa na miaka 9, saivi ni mkufunzi, levo yake ni ya kutisha, na chini yake kuna Teana, binti wa kawaida aliyezungukwa na wenye vipaji. Kaka yake alikufa kazini na mkubwa mmoja akasema hakuwa na maana, basi Teana anajifua usiku na mchana, hapumziki, anabuni mbinu za hatari, na kwenye mazoezi Nanoha anamtungua mwenyewe mbele ya wenzake. Nilivyoiona mara ya kwanza nilikasirika. Lakini episodi inayofuata inaeleza, Nanoha akiwa na miaka 11 aliwahi kuangushwa karibu afe kwa sababu ya kuutumia mwili kupita kiasi, na hajawahi kuwaambia wanafunzi wake. Yaani Teana alikuwa anakimbilia kileleni na mtu wa kileleni ndo anajua kuna nini kule, na amekaa kimya. Mi bado naona njia aliyotumia Nanoha ilikuwa mbaya, angeongea kwanza, ila naielewa hofu yake. Yuki Yuna is a Hero ya 2014 wao wameiweka wazi zaidi, kila binti akichanua kwenda levo ya juu anapoteza kitu mwilini, mmoja ladha ya chakula, mmoja jicho, mmoja sauti, na aliyepoteza sauti ndo alikuwa na ndoto ya kuimba.

Sasa hilo la mwisho, kwa nini na wewe umenyong'onyea. Angalia umri wao. Usagi miaka 14, Madoka darasa hilohilo, Nagisa na Honoka hivohivo. Huo ni umri ambao mambo makubwa ya maisha yako yanaamuliwa na watu wengine, unahamishwa shule, mzazi anaugua, rafiki anaacha kuongea na wewe, na hakuna anayekuuliza. Anayeandika kuhusu binti wa umri huo hawezi kumpa fimbo halafu akajifanya hayo yameisha, manake mtazamaji anajua hayajaisha. Kwenye ujumbe wako umegusia kwamba mwaka huu nyumbani kulikuwa na mgonjwa na wewe ndo ulikuwa unakaa nae. Sitaki kuingilia zaidi ya ulichosema. Nakwambia tu kwamba mtu aliyetoka kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa akamwona Homura anarudia na kurudia akaumia, huyo hajaikosea hii anime, kaielewa kuliko wengi wanaohesabu nani ana nguvu kuliko nani. Na kama huo unyonge unakaa siku nyingi hauondoki, ongea na mtu wa karibu unayemwamini, usiubebe peke yako kama Homura, yeye kosa lake kubwa ni kwamba aliacha kuwaambia wengine.

Cha kuangalia baada ya hapa: filamu ya Rebellion ya 2013 iache kwanza, inaendelea na Homura palepale panapouma na kwa hali uliyonayo itakuzidi. Anza na HeartCatch PreCure, ya mwaka 2010, Tsubomi anaitwa kabisa na maadui zake Pretty Cure dhaifu kuliko wote kuwahi kutokea, na ilimalizikia Januari 2011, mwezi uleule Madoka ilipoanza, kwahiyo utaona watu wawili tofauti wanajibu swali moja kwa wakati mmoja. Halafu Princess Tutu ya 2002, episodi 26, hiyo ngazi inashuka badala ya kupanda, binti ni bata kwa asili na kadiri anavyofanikiwa ndo anavyokaribia kurudi kuwa bata, zaidi sitakutobolea. Na usiiache Sailor Moon palepale kwenye S. SuperS unaweza kuipitia harakaharaka kama itakuchosha, lakini Sailor Stars iangalie mpaka episodi ya 200, halafu niandikie tena uniambie Usagi anamshindaje Galaxia, adui wa mwisho, na mkononi alikuwa ameshika nini.